Santuri Moja Kutoka Kitale

Kwa miaka kumi na mmoja Perez Awuor alifunga santuri za kutumwa kwa posta katika chumba cha nyuma cha duka la Amolo mjini Kisumu, na katika miaka hiyo yote ni mbili tu zilizofika zimevunjika. Mbili. Moja ilikwenda Voi na nyingine Tororo, na hata hizo alikuwa na maelezo yake. Ya Voi ilikaliwa na mtu mzito, alisema, na ya Tororo aliifunga siku aliyokuwa na homa. Ukimsikiliza ungedhani anazungumzia makosa ya mtu mwingine kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini muziki wa benga ulikuwa chakula. Mjaluo aliyeenda kutafuta riziki bandarini Mombasa au kwenye majani chai ya Kericho alikuwa radhi anywe chai bila sukari, lakini wimbo mpya usimpite. Aliandika barua, akatuma mani oda, akangoja. Amolo, mwenye duka, alipokea mani oda pamoja na sifa. Kazi yenyewe ilikuwa ya Perez. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha, na juu yake palikuwa na kadibodi alizozikata kutoka maboksi ya mafuta ya kupikia, kamba ya katani, mkasi, na kando ya kiti rundo la magazeti ya zamani lililofika kiunoni.

Alikuwa na sheria zake, na ole wako ukizicheka. Santuri huingia kwanza katika mfuko wake mwembamba wa karatasi, kisha katika jaketi lake la picha, na midomo ya viwili hivyo isielekee upande mmoja, isije ikateleza nje. Baadaye zinakuja kadibodi mbili, kila moja ikiizidi santuri kwa vidole viwili pande zote. Tena kadibodi ina mistari ndani yake. Ya juu mistari yake isimame na ya chini ilale, kwa sababu mistari ikifuata njia moja kifurushi chote hukunjikia hapo. Kisha nafasi zilizobaki hujazwa, kifurushi hufungwa, halafu hutikiswa sikioni. Kikisema neno lolote, kinafunguliwa na kazi inaanza upya. Stempu nazo zikae pembeni kabisa, mbali na duara, maana muhuri wa posta hupigwa kwa nguvu na hauulizi kilichomo ndani.

"Mama Perez, hii ni rekodi, si yai," Amolo alizoea kumtania.

"Yai likivunjika unakaanga," Perez alimjibu bila kuinua macho. "Hii utakaanga?"

Mwaka wa 1981 binti yake akaimba. Benta alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa cherehani, na sauti yake ilikuwa ya kwaya ya kanisa, haijawahi kufika mahali pengine. Kiongozi wa bendi moja aliyekuwa jirani yao mtaani Kaloleni, hapohapo Kisumu, alimsikia akiimba huku akishona, akamwomba kwa mama yake kwa heshima zote, na bendi nzima ikasafiri kwenda Nairobi kurekodi. Santuri ikatoka. Upande wa kwanza waliimba wanaume, kama kawaida. Upande wa pili aliimba Benta.

Wanaojua nyimbo hizo wanajua desturi yake. Katikati, gitaa linapotulia kidogo, mwimbaji huwataja watu wake: rafiki, shemeji, hata yule tajiri aliyeinunulia bendi soda. Benta alimtaja mtu mmoja tu. Aliita, "Perez nyar Seme, mama, iwinja?" Yaani Perez binti wa Seme, mama, unanisikia? Siku Amolo alipoicheza dukani mara ya kwanza, Perez aliacha mkasi mezani akatoka kwenda kusimama uani hadi wimbo ukaisha, kwa sababu hakutaka wateja wamwone uso.

Nakala zilitengenezwa mia tatu. Hazikuuzika sana, tusidanganyane. Lakini sitini na moja ziliagizwa kwa posta, na zote sitini na moja Perez alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaandika kila anwani katika daftari la duka kwa mwandiko wake wa kulala. Hakuna hata moja iliyolalamikiwa.

Mwaka wa 1984 Benta akafa. Homa ilimkamata Jumatatu, na Alhamisi mchana hakuwepo tena. Walimzika Asembo, kwao marehemu baba yake, nje ya ua, kama anavyozikwa binti ambaye hajaolewa, na hilo peke yake lilitosha kumvunja mama yeyote moyo. Lakini Perez alijiongezea jingine. Kabla jeneza halijafunikwa alichukua ile nakala yake ya nyumbani, akaifunga vizuri, kadibodi mbili na magazeti na kamba, akaitikisa sikioni mbele ya waombolezaji, akaiweka ubavuni mwa mwanawe. Mchungaji hakupendezwa, ila nani angemzuia. Perez alijua kwamba katika stoo ya Amolo bado zilikuwako nakala zaidi ya mia.

Hazikuwako. Aliporudi kazini baada ya matanga, stoo ilikuwa imefagiliwa. Kaseti zilikuwa zimeingia mjini, kila mtu anataka kaseti, na Amolo alikuwa amezirudisha santuri zote zisizouzika Nairobi zikasagwe, zitengenezwe nyingine. Hakukumbuka kuitenga hata moja. Alipoona sura ya Perez ndipo alipokumbuka.

"Mama, sikufikiria," alisema. "Wallahi sikufikiria. Nilijua wewe uko na yako."

Perez aliuliza habari za utepe wa studio. Nao ulikuwa umefutwa zamani, ukatumika kurekodia watu wengine.

Miaka ya kwanza hakuhangaika sana, kwa sababu sauti alikuwa nayo kichwani. Alikuwa akiosha vyombo anaisikia, akienda sokoni anaisikia. Halafu asubuhi moja mwaka wa 1988, anapanga foleni ya maji bombani, akaanza kuuvuta ule wimbo kama alivyozoea, na alichosikia kichwani kilikuwa sauti yake mwenyewe. Maneno yapo, tuni ipo, lakini aliyeimba ni Perez. Alijaribu tena jioni, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Benta hakuwamo. Alihisi amemzika mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumpa pole, kwa sababu utaenda kumweleza nani kwamba umesahau sauti ya mtoto wako?

Mwaka huohuo Amolo alifunga duka. Alimuuliza Perez anataka ukumbusho gani, labda kiti, labda mizani. Perez alitaka lile daftari la anwani.

Akaanza kuandika barua. Wakati huo alikuwa akiuza mandazi asubuhi, na mchana ungemkuta mezani na kalamu. Aliandika barua sitini na moja kwa muda wa miaka miwili, zote zikisema jambo lilelile: mimi ndimi niliyekufungia santuri fulani mwaka ule, mwimbaji wa upande wa pili alikuwa binti yangu, naye amefariki, kama bado unayo, naomba. Nyingi hazikujibiwa. Nyingine zilirudi, mwenye sanduku amehama. Mtu wa Mombasa aliandika kwa masikitiko kwamba yake iliachwa juani ikajikunja. Wa Port Victoria alisema watoto wake waliifanya gurudumu la kigari, na akaomba msamaha mara tatu katika barua moja. Perez alizisoma zote, akazifunga pamoja kwa kamba, akaendelea na daftari.

Barua ya Nekoye ilifika Machi 1991. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kitale, na santuri ilikuwa imeagizwa na marehemu mumewe, Waliaula, aliyewahi kufanya kazi ya reli Kisumu akapenda benga kuliko Wajaluo wenyewe. "Ninayo," aliandika, "na ni nzima. Mimi ni Mbukusu, maneno siyaelewi yote, lakini watoto wangu wamekua na wimbo huo. Pale binti yako anapoita mama yake, sisi huitikia. Hatukujua kama huyo mama yupo hai. Njoo uichukue, Mama. Gramafoni yangu bado inacheza. Utaisikia hapa kwanza, tule, ulale, kesho yake uondoke nayo."

Soma tena mwaliko huo, kisha nikuambie Perez alifanya nini. Alikataa. Alisingizia magoti, na ni kweli magoti yalimsumbua, lakini magoti hayohayo yalimfikisha sokoni kila siku. Ukweli ni kwamba aliiamini posta kuliko basi, na aliiamini kazi yake kuliko vyote viwili. Santuri kubebwa mapajani njia nzima hadi Kisumu, watu wanakanyagana, kuku chini ya viti? Aliona ni ushamba. Akamjibu Nekoye kwa shukrani nyingi, na chini ya shukrani akaandika kurasa mbili za maelezo ya kufunga santuri, hatua kwa hatua, na mchoro wa mistari ya kadibodi. Aliandika rasimu kwanza, kisha akainakili kwa unadhifu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba alijisikia mwenye furaha, na sitamnyima hilo.

Kikaratasi cha kuitwa posta kilifika mwishoni mwa Aprili. Perez alivaa nguo yake ya kanisani. Karani alimpa kifurushi juu ya kaunta, na jambo la kwanza alilohisi ni uzito. Kilikuwa kizito kuliko kifurushi chochote cha santuri moja alichowahi kushika. Akadhani mwalimu ametumia kadibodi nene, au ameziweka mbili mbili. Stempu zilikuwa pembeni kabisa. Akakiinua sikioni, akakitikisa, watu wa foleni wakimwangalia. Kimya. Hakikusema neno.

"Huyu mwanamke ana mkono," alisema peke yake.

Hakukifungua. Alienda nacho moja kwa moja sokoni Kibuye, kwa Wanyonyi, fundi wa redio aliyekuwa na gramafoni inayofanya kazi. Walikuwa wameshakubaliana. Wanyonyi angeicheza santuri mara moja tu, na ikiwa inacheza aiingize katika kaseti, kisha kaseti nyingine, kisha nyingine, hadi Perez atosheke. Kaseti tatu mpya zilikuwa tayari juu ya meza yake, bado na plastiki.

"Karibu, Mama. Leo ndiyo leo," Wanyonyi alisema, akampangusia kiti. "Kaa hapa, mbele ya spika kabisa."

Perez alifungua mafundo bila kukata kamba. Yalikuwa mafundo mazuri. Akaondoa karatasi ya kaki, akaiona kadibodi ya juu, mistari imesimama. Akageuza: ya chini, mistari imelala. Akatabasamu. Hapo ndipo alipoona kwamba kadibodi zenyewe zimevimba kidogo katikati. Alipoinua ile ya juu, maragwe yakamwagika magotini mwake.

Yalikuwa maragwe mekundu yenye madoa, makavu, yaliyochaguliwa moja moja. Yalijaza kila nafasi, pembeni, juu ya jaketi na chini yake, yameshindiliwa kabisa hata yasiweze kusogea, na ndiyo maana kifurushi kilikuwa kimya. Juu yake palikuwa na barua iliyokunjwa. Perez hakuigusa kwanza. Aliingiza vidole katika jaketi, na kabla hajaitoa santuri alijua, kwa sababu mikono yake ilizijua. Ilikuwa vipande vitatu. Maragwe yalikuwa yamerundikwa mengi zaidi chini ya katikati, na kifurushi kilipolaliwa na vifurushi vingine njiani, santuri ikapasuka kutoka kwenye tundu hadi ukingoni.

Wanyonyi akavuta droo, akatoa selotepu. Kisha akasema, "Pole, Mama. Wacha nijaribu na hii. Saa zingine inashika."

Alivipanga vipande chali, upande wa Benta ukitazama juu, akavibandika selotepu kwa chini, akavilaza kwenye gramafoni kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. Akashusha sindano. Likasikika gitaa, kidogo tu, kisha mlio wa ufa, kisha sindano ikaruka mbali. Akarudia. Gitaa, ufa, na baada ya ufa kitu kirefu chembamba, nusu ya sekunde, ambacho huenda kilikuwa sauti ya mtu. Perez alisogea hadi sikio likagusa spika. Wanyonyi akarudia tena, na tena. Mara ya tano Perez bado hakuweza kuapa kama lile lilikuwa Benta au waya wa gitaa, na hilo ndilo lililomuua. Mama mzima, na hawezi kutofautisha.

"Acha, Bwana Wanyonyi," alisema. "Utaharibu sindano yako bure."

Ndipo akasoma barua. Nekoye alikuwa amefuata kila kitu, hata aliunakili ule mchoro kwanza kwenye ubao wa darasani ili asikosee. "Ila ulisema nijaze nafasi zote zilizobaki ili kisicheze," aliandika, "na mimi nikaona Mungu ametupa njia. Maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kwake kitupu, na zaidi kwa mtu aliyefiwa. Hayo ni maragwe ya shamba langu, ya mavuno ya mwisho aliyoyapanda Waliaula. Pika, Mama, ule. Jana jioni tuliicheza kwa mara ya mwisho, watoto wakaitikia, na leo tunaifunga. Nakuomba jambo moja tu. Ukiisikia niandikie, je, sauti ya mwanao ni ile ile? Imechezwa sana humu ndani, naogopa tumeichakaza."

Perez aliokota maragwe yote, hata yale yaliyoingia chini ya meza ya Wanyonyi, kwa sababu hakulelewa kutupa chakula. Akavirudisha vile vipande katika jaketi. Njia nzima hadi Kaloleni alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa kwa mwalimu. Mtu amesoma, anafundisha watoto wa watu, hajui kwamba huwezi kulaza santuri juu ya maragwe? Kila hatua alimtukana, na kila tusi lilimpunguzia mzigo kidogo.

Alipofika nyumbani aliitoa ile rasimu ili ajioneshe yeye hakukosea. Akasoma. Mfuko, jaketi, midomo. Kadibodi, vidole viwili, mistari. Kisha: *Jaza nafasi zote zilizobaki, kisicheze.* Akatafuta mstari unaofuata. Mstari unaofuata ulikuwa wa kamba.

Hakuwa ameandika ajaze na nini. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kulazimika kumwambia mtu, kwa sababu rundo la magazeti lilikuwa pale kando ya kiti chake, na nani asiyejua ni magazeti? Neno moja. Aliandika kurasa mbili, akachora hadi mistari ya ndani ya kadibodi, na neno moja likamshinda. Na zaidi ya hilo, aliitwa. Aliambiwa njoo, keti, uisikie kwanza. Siku moja kabla kifurushi hakijafungwa kulikuwa na chumba kule Kitale, watoto wa watu wanaitikia wito wa Benta, na aliyeitwa amekaa Kisumu akisubiri posta.

Hasira juu ya Nekoye ikamwisha. Haikuwa na pengine pa kwenda ila kwake mwenyewe, na ikakaa. Hakulia. Alikaa kitandani siku mbili, mandazi hayakupikwa, na jirani aliyebisha aliambiwa ni magoti.

Siku ya tatu akachukua kalamu. Alianza kuandika ukweli, akafika hadi neno *maragwe* akasimama. Akamwona yule mwanamke akiisoma barua hiyo mbele ya wanawe. Alikuwa ametoa kitu cha mumewe akampa mtu asiyemjua, akaongeza na mavuno ya mwisho ya mkono wa mumewe, na sasa aambiwe kwamba mavuno hayo ndiyo yaliyomvunja Benta. Angebeba hilo hadi kaburini. Perez alikuwa amelibeba siku mbili tu na alishajua uzito wake.

Alichana karatasi, akachukua nyingine. Aliandika kwamba kifurushi kimefika salama, kimefungwa vizuri kuliko hata ambavyo yeye mwenyewe angekifunga. Aliandika kwamba maragwe ni matamu, ingawa yalikuwa bado kwenye kikapu. Kisha akafika kwenye lile swali, na hapo akakaa muda mrefu, akitafuta kichwani mwake, kama ipo hata chembe ya ile sauti, apate angalau kujibu kwa haki. Hapakuwa na kitu. Akaandika: *Nimemsikia akiniita. Sauti ni ile ile, mwalimu. Hamkuichakaza hata kidogo.*